Kisima Kikisafishwa, Jirani Asisahauliwe

Aghalabu husemwa ya kuwa maji ya chini ya ardhi yakiingia sumu dawa yake ni moja tu, nayo ni kuyasafisha. Hayo ni kweli wala hatuyapingi. Lakini kusafisha nako kuna gharama zake, na gharama hizo hazimwangukii aliyechafua peke yake. Humwangukia pia mwenye nyumba na shamba lililo jirani, ambaye hakumwaga hata tone moja la uchafu. Huyo ndiye tunayetaka kumsemea leo, kwani aghalabu hasemewi na mtu.

Ndugu wanachama, tazameni yaliyowafika watu wa Hinkley, kijiji cha jangwani katika jimbo la California, Marekani. Mnamo mwaka 1952 kampuni ya Pacific Gas and Electric ilijenga hapo kituo cha kusukuma gesi katika mabomba yake. Maji ya kupozea mitambo yalitiwa kromiamu ili chuma kisishike kutu, kisha yakamwagwa katika mabwawa yasiyosakafiwa, kiasi cha galani milioni 370 hata kufikia miaka ya 1960. Sumu ikazama, ikafika katika maji ambayo wenyeji wakiyateka visimani mwao. Kampuni haikuiarifu Serikali ya jimbo hata mwaka 1987. Wenyeji wakashitaki, na mwaka 1996 wakalipwa dola milioni 333. Sinema mashuhuri ikatengenezwa mwaka 2000, na walimwengu wakadhani hadithi imekwisha.

Haikwisha. Usafishaji uliendelea, na unachukua miaka mingi. Maji machafu huvutwa kwa pampu yakanyweshwa mashamba ya majani ya ng'ombe, ili udongo na mizizi viizuie sumu. Na penginepo spiriti hutiwa chini ya ardhi ili vijidudu viigeuze kromiamu iwe ya namna isiyo na madhara makubwa wala isiyosafiri na maji. Kazi hiyo ni ya ilimu, wala hatuibezi. Lakini mnamo mwaka 2010 ikabainika ya kuwa eneo la sumu limetanuka kupita mipaka iliyodhaniwa, na watu waliojiona wako salama wakajikuta wamo ndani yake. Wakapewa khiyari: ama mtambo wa kusafishia maji nyumbani, ama kuiuzia kampuni nyumba zao.

Hapana askari aliyekuja kumtoa mtu. Kila mmoja aliuza kwa ridhaa yake, na kila mmoja alikuwa na sababu njema, kwani ni nani mwingine atakayenunua nyumba ambayo kisima chake kinashukiwa? Lakini nyumba iliyouzwa ilibomolewa, na kila iliyobomolewa ilimpunguzia thamani yule aliyebaki. Skuli ya kijiji ikafungwa mwaka 2013. Basi maji yalikuwa yakisafishwa, na kijiji kilikuwa kikifa. Katika hesabu za kampuni yako malipo ya kila nyumba. Lakini jirani, skuli na duka la karibu havikuandikiwa bei.

Mfano wa pili ni Anaconda, katika jimbo la Montana, palipokuwa na tanuri kubwa la kuyeyushia shaba hata mwaka 1980. Moshi wake ulieneza aseniki na risasi juu ya eneo la maili za mraba 300 hivi. Serikali ya Marekani ilipanga usafishaji wake, na kampuni ya Atlantic Richfield ikaugharimia kwa mamilioni ya dola. Wenye ardhi 98 wakasema haukutosha. Walitaka udongo uchimbwe zaidi, na kizuizi kitiwe chini ya ardhi, urefu wake futi 8,000 na kina chake futi 15, ili kuyakinga maji ya chini na kuyasafisha. Tarehe 20 Aprili, 2020, Mahkama ya Juu kabisa ya Marekani ikahukumu ya kuwa wanaweza kuendelea na kesi yao katika mahkama ya jimbo; lakini kwa kuwa sumu imetua katika ardhi yao, wao nao wamo katika hesabu ya wanaoweza kubebeshwa dhamana kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1980, na kwa hiyo hawana ruhusa ya kufanya kazi ile mpaka Idara ya Mazingira ya Serikali iridhie. Aliyetiliwa sumu akawekwa safu moja na aliyeitia!

Wako watakaosema ya kuwa hukumu hiyo ina hekima, kwani kila mtu akichimba apendavyo huenda akaitawanya sumu iliyokwisha tulizwa. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunaikubali. Mpango lazima uwe mmoja. Lakini madhali jirani ananyimwa khiyari juu ya ardhi yake kwa maslaha ya wote, haki ni kwamba awe na kiti katika baraza linalopanga.

Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Mji wa Unguja umekunywa maji ya chemchem tangu Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alipoyaleta kwa mabomba. Hata leo tegemeo letu ni chemchem na visima, na chini yetu pengi ni mawe ya matumbawe yenye mianya, ambayo hayamzuilii mtu uchafu wa jirani yake. Hatuna mto mkubwa wa kukimbilia. Juu ya hayo, kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi yetu ni ya umma, na mwananchi ana haki ya kuitumia tu. Ikiwa mwenye milki kamili kule Montana alihitaji ruhusa, sembuse sisi?

Basi tunataka mambo manne yaandikwe katika sheria kabla ya msiba kufika. Kwanza, jirani aarifiwe siku ile sumu inapogunduliwa, si miaka baadaye. Pili, kisima kikifungwa, apewe maji safi bila ya malipo mpaka kazi iishe. Tatu, fidia ihesabu kupungua kwa thamani ya nyumba na shamba, na madhara ya mtaa mzima, wala isipimwe kwa kisima peke yake. Nne, asiyechafua asiitwe mchafuzi kwa sababu tu sumu imemfuata kwake.

Wanachama, yazungumzeni haya matawini, na muwaulize Wawakilishi wenu wako upande gani. Kisima hakichagui chama; na siku kitakapoharibika, atakayeulizwa kwa nini alinyamaza ni kila mmoja wetu.