Tusitafsiri utumwa usiokuwepo

Wengi wetu tunaosomea lugha hushughulikia istilahi za kompyuta kwa haraka: neno la Kizungu kushoto, la Kiswahili kulia, kazi imekwisha. Napinga njia hiyo, na mfano wangu ni diski za zamani, zile ambazo mafundi wa hapa Goma bado huzifungua ili kuokoa picha na hati za watu.

Tangu miaka ya 1980, diski hizo ziliunganishwa na kompyuta kwa waya bapa wenye matundu 40. Watu waliuita mfumo huo IDE, na jina lake rasmi likawa ATA. Mwaka 2003 zilipoingia sokoni diski za SATA, zenye waya mwembamba unaopitisha biti moja baada ya nyingine, mfumo wa zamani ukabatizwa PATA, kwa sababu wenyewe hupitisha biti 16 kwa sambamba. Waya haukubadilika, ulipata mdogo wake tu. Ndivyo tulivyosema "simu" miaka yote, hadi ilipokuja simu ya mkononi ndipo tukahitaji kusema "simu ya mezani". Kamusi itakayotoa majina matatu ya Kiswahili kwa IDE, ATA na PATA itampa msomaji vitu vitatu mahali penye kimoja.

Kosa kubwa zaidi linanyemelea pale diski mbili zinapotumia waya mmoja. Kiingereza kiliziita "master" na "slave", Kifaransa "maître" na "esclave". Mwenye haraka ataandika "bwana" na "mtumwa". Lakini kila diski ya aina hiyo ina saketi yake ya kujiendesha, na hakuna inayoitawala nyingine. Zinapokezana waya tu, na kidude cha plastiki kwenye pini huonyesha ipi ni ipi. Viwango rasmi vya ATA vyenyewe husema kifaa 0 na kifaa 1.

Tena neno "mtumwa" si jepesi kwetu. Kiswahili kilifika Nyangwe na Kasongo, kule Maniema, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19. Tutalirudishaje kwa ajili ya kitu ambacho hata si kweli?

Atakuwepo wa kusema kwamba fundi hajali historia, anataka kujua pini tu. Sawa, basi apewe jina linalomsaidia: "diski ya kwanza" na "diski ya pili". Maneno yaliyochapwa kwenye vibandiko yaelezwe pembeni, ili ayatambue akiyakuta.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Heshima hiyo haitoshi ikiwa istilahi zetu ni kivuli cha lugha nyingine. Kabla ya kuunda neno, tujue kwanza kifaa kinafanya nini. Mafundi wanajua. Twendeni tukawaulize.