Namna ya Kuaga Kazini

Watu wa kwetu wajua kuaga. Mgeni aliyelala usiku mmoja tu hatoki alfajiri kama mwizi. Humngoja mwenye nyumba aamke, humshukuru, naye husindikizwa mpaka njiani. Basi yatushangaza kumwona mtu yule yule, baada ya kutumika miaka mitano mahali pamoja, apokea mshahara wa mwisho wa mwezi, na Jumatatu haonekani. Wenzake waulizana: Je, ni mgonjwa? Amefiwa? Baada ya juma moja habari yafika kwamba ameonekana akifanya kazi upande mwingine wa mji.

Kuacha kazi si kosa. Twalisema jambo hili waziwazi, kwa maana wako wazee wanaowaambia vijana kwamba kumwacha bwana wako ni kukosa shukrani. Sivyo. Mtu aweza kupata mshahara ulio bora, au mkewe amehamishwa mji mwingine, au mama yake hajiwezi tena kijijini. Lililo baya ni kutoroka.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, yataka kila anayevunja mapatano ya kazi amjulishe mwenzake kwa maandishi. Neno la mdomo halitoshi. Tena ziko siku za kungoja. Kwa mapatano yasiyowekewa mwisho, mwajiri anayemwondoa mtu humpa siku za kazi zisizopungua 14, na kuongeza 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi akiondoka kwa hiari yake, siku zake ni nusu ya hizo. Tumtwae karani wa ghala mjini Lubumbashi aliyetumika miaka minne: 14 na 28 ni 42, na nusu yake ni 21. Jumapili haihesabiwi. Akiondoka mbele ya siku hizo, aweza kudaiwa mshahara wa siku alizoziruka. Lakini mwenye mapatano ya muda uliowekwa, shauri lake ni jingine. Asome vema karatasi yake kabla ya kuandika neno lolote.

Barua yenyewe iwe fupi: jina, kazi, siku ya mwisho, na asante. Wako wanaoandika kurasa tatu, wakikumbusha kila tusi la kapita tangu mwaka wa kwanza. Hasira hupoa, bali karatasi hubaki katika kabati ya ofisi. Mwenye madai ya kweli na ayapeleke kwa mkaguzi wa kazi, ndiko yanakosikilizwa. Barua iandikwe mara mbili, na nakala moja itiwe sahihi na tarehe na yule aliyeipokea. Tena mkubwa wa kazi asiisikie habari hii kwanza sokoni, wala kwa dereva wake.

Sasa, siku zile 21 ni za nini? Wengi huzikaa kama abiria anayengoja gari, mikono mifukoni. Hapo ndipo twaona hatari iliyo kubwa. Karani wetu anazo funguo za ghala na daftari. Anaye na kijana msaidizi, aliyeanza kazi mwaka jana. Karani akitoka bila kuhesabu mali, na baada ya mwezi ikaonekana kwamba magunia kumi ya saruji hayapo, nani ataulizwa? Ni yule kijana. Naye, ili ajiokoe, atalitaja jina la aliyeondoka. Labda hakuna aliyeiba. Labda magunia yalitoka kwa ruhusa nayo hayakuandikwa. Lakini wawili wamekwisha kuchafuliwa, na mmoja wao hayupo hata ajibu.

Kwa hiyo karani mwenye akili humwomba mkubwa wake siku mbili za kuhesabu mali, yeye na atakayepokea, gunia kwa gunia. Palipo na upungufu husema mwenyewe, wala hangoji kuulizwa. Wote hutia sahihi, na kila mmoja hushika nakala. Kisha humwonyesha kijana mambo yasiyoandikwa mahali popote: ufunguo upi husumbua wakati wa mvua, mteja yupi huleta hati zisizo kamili. Twakiri kwamba kazi hii yachosha, hasa kwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kuhama.

Siku ya mwisho huwa na haki zake pia. Siku za likizo ambazo hakuzipata zapaswa kulipwa. Na mwajiri, hata akiwa amekasirika, lazima atoe cheti chenye kuonyesha aina ya kazi na muda wa utumishi. Sheria haimruhusu kuongeza humo neno la kumchongea. Karani akiombe cheti hicho palepale, akiwa bado anazo funguo mkononi, kisha azikabidhi mbele ya mtu wa tatu na kwenda kuwaaga wenzake, akianza na mlinzi wa mlangoni.