Hata Bibi Harusi ni Mgeni Msikitini

Msimu wa harusi umepamba moto, na safari hii kila nikifungua simu ni picha za fungate kutoka Arusha. Zamani maharusi wetu walikwenda Nungwi, na wenye uwezo Dubai. Sasa mwari akishatolewa ndani, hata hina haijakolea, yuko uwanja wa Kisongo anashuka kwenye ndege huku meno yanagongana kwa baridi. Mashaallah. Baridi ya mlima Meru ina faida zake kwa wenye ndoa changa, nami sitazieleza hapa.

Ila kuna picha moja imenikaa rohoni. Bibi harusi amesimama kwenye ngazi za msikiti mmoja wa mjini, piko mpaka kiwiko, gauni la mkia linafagia sakafu. Nyuma yake mzee amekunja suruali mpaka magotini anaosha miguu. Hana habari kama anapigwa picha. Watu kwa mamia wameipenda. Mimi nikajiuliza: mzee huyo angekuwa babu yetu pale Malindi anatia udhu, na mpiga picha angekuwa Mzungu, tungesema nini?

Tungesema mengi, tunajijua. Sisi watu wa visiwani tuna lugha kali kwa wageni. Mtalii akipita Darajani na kaptula tunanong'ona. Pale Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, mgeni anatakiwa avue viatu, ajisitiri, aingie kwa ruhusa. Na ni haki, maana msikiti ule si gofu, watu wanasali humo mpaka leo. Basi kwa nini tukivuka bahari sisi wenyewe tunajiona tumesamehewa? Uislamu wetu unatupa haki ya kusali popote. Haki ya kugeuza nyumba ya ibada ya watu kuwa studio sijaiona mahali.

Najua jibu litakalokuja: mbona Muscat tunapiga? Kweli, wengi wetu tuna ndugu Oman, na hakuna anayekwenda kule akarudi bila picha ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Lakini tazama ulivyopangwa. Umezungukwa na bustani na viwanja vipana, na wasiokuwa Waislamu wamewekewa saa zao za asubuhi, Ijumaa hawaingii. Mtu anaweza kusimama kwenye maua akapiga picha yake na asimkere anayesali. Misikiti ya katikati ya Arusha haikujengwa kwa hesabu hiyo. Mji wenyewe ulikua kuizunguka Boma ya Wajerumani ya mwaka 1900, ile iliyo makumbusho sasa, ukajaa maduka na wafanyabiashara. Msikiti uko mlango kwa mlango na duka. Unatoka barabarani, hatua chache uko penye mabomba ya udhu, na anayetawadha ni mtu aliyefunga duka lake kwa dakika ishirini awahi jamaa. Hapo hakuna mahali pa kusimama na gauni la mkia usiwe umeziba njia.

Na si kila jengo lenye sura ya Kiislamu ni lako kuingia. Arusha wapo Waislamu wa madhehebu mbalimbali, kama kwetu Mji Mkongwe. Ithnaasheri wana msikiti wao, Ismailia wana jamatkhana yao, na jamatkhana wakati wa ibada ni ya wenyewe. Kuuliza mlangoni hakupunguzi kitu. Qur'ani imetufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu, seuze nyumba ambayo hata waliokuzaa hawaijui.

Wapo watakaoniambia, mwanamke sala yake bora nyumbani, msikitini anatafuta nini? Nakubali kuhusu nyumbani. Lakini msafiri aliye kati ya Boma na soko kuu, adhuhuri imeingia, nyumba yake ni ipi? Atasalia kwenye gari, au atasubiri hoteli mpaka wakati umtoke? Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza wanawake wasizuiwe misikiti. Kwa hiyo nenda, na uende kusali. Ulizia mlango wa wanawake kwanza, kwa sababu mara nyingi hauko mbele. Uko ubavuni au ni ngazi za nyuma. Ukikuta msikiti hauna sehemu ya wanawake, usigombane na mtu mlangoni wala usimtume mumeo agombane. Hilo nalisema kwa uchungu. Mji unaoishi kwa wasafiri, mabasi kutoka kila upande, halafu msikiti usiwe na chumba cha mama kusitirika akasali rakaa mbili, ni aibu ya kamati za misikiti na wala si ya bibi harusi. Kwetu Unguja pia lipo. Yasemwe kwenye vikao, na wanawake wachange pesa za ujenzi wakiwa na sharti hilo mdomoni.

Kuna jambo ambalo bibi harusi wa Kizanzibari analo na wengine hawana: harufu. Umefukizwa udi siku saba, nywele zina asumini, nguo zimelala na vikuba. Mafundisho ni wazi kwamba mwanamke akienda msikitini asijitie manukato. Udi wa fungate ubaki chumbani na mwenyewe. Beba baibui moja ambayo haikuingia kwenye chetezo, iwe ya safari.

Na lingine, maana fungate na kalenda ya mwanamke hazikai kikao pamoja. Ukiwa kwenye hedhi, sisi Mashafii hatukai ndani ya msikiti. Msubiri mumeo nje, na usione unyonge. Kama msikiti una ua wenye miti, uliza kama ua huo ni sehemu ya msikiti au ni uwanja tu, halafu ukae. Hata ukiwa tohara, ua la mti wa wakfu lisichumwe likatiwa kwenye nywele kwa ajili ya picha mpaka mwangalizi aseme ndiyo. Mti huo una mwenyewe, aliyeutoa kwa Mungu.

Sala yenyewe, msafiri ana nafuu na wengi hawaitumii. Unapunguza rakaa nne ziwe mbili, na unaweza kukusanya adhuhuri na alasiri. Kwa madhehebu yetu, ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, nafuu hiyo haipo tena. Na ukisali nyuma ya imamu mkaazi unatimiza nne pamoja naye; usitoe salamu kwenye ya pili ukawaacha kina mama wa pale wanakuangalia.

Kibla nacho. Ukiwa mjini Arusha, Makka iko kaskazini, na mlima Meru uko upande huohuo, kwa hiyo watu huzoea kuuelekea mlima. Siku ya pili mnakwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuangalia twiga, na flamingo wa maziwa ya Momella. Kule mlima umehamia magharibi yako! Ukiufuata kama jana umeipa kibla bega la kulia. Tumia dira ya simu, na muulize mhifadhi wapi ni salama kushuka, kwa sababu nyati hajui kama uko kwenye sijda.

Njiani kwenda huko mtapita migomba na kahawa ya Wameru, kijani kitupu, na dereva ataambiwa asimame. Yale si mapori, ni viunga vya nyumba za watu. Ardhi ya Meru ina historia yake: mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa watu Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Wengi wa wenyeji wale ni Walutheri. Piga hodi, wasalimie wazee kwanza, kisha omba picha. Watakukaribisha, na pengine utaondoka na mkungu.

Kama begi lina nafasi, chukua doti mbili za kanga mpya. Ukishasali, waulize kina mama wa pale kama wanahitaji za kusalia. Nguo za akiba kwenye sehemu za wanawake mara nyingi ni chache na zimechakaa, na msafiri wa kesho anaweza kufika bila ushungi wa kutosha. Wakisema wanazo za kutosha, muulize mwangalizi kisanduku cha sadaka kilipo.