Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Iko picha ya sinema iitwayo The Searchers, aliyoitengeneza John Ford wa Marekani mwaka 1956. Mwaka 2008 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliitaja kuwa bora kupita picha zote za makauboi. Sifa zake ni nyingi hata kijana wa Eldoret aitazamaye leo asipendezwe huogopa kusema, asije akadhaniwa kuwa hana akili. Mimi nasema kijana huyo ana haki, na haki yake nitaitetea.

Sikatai uzuri ulio dhahiri. Majabali mekundu ya Monument Valley husimama kama ngome za majitu, na John Wayne hukaa juu ya farasi kama aliyezaliwa hapo. Yeye ni Ethan, amtafutaye kwa miaka mingi binti wa ndugu yake aliyetekwa na watu wa Comanche. Lakini uzuri wa sahani hauwezi kutetea chakula.

Watazame hao Comanche. Mkuu wao amechezwa na Henry Brandon, mzungu aliyezaliwa Ujerumani. Nyuma yake wamepangwa Wanavajo, wenye nchi ile hasa, wakijifanya kuwa watu wengine. Katika picha ya muda wa karibu saa mbili, mkuu huyo hupewa maneno machache tu ya kueleza kisa chake: wanawe wawili waliuawa na wazungu. Kisha mazungumzo hupita kana kwamba amekohoa. Yupo pia mwanamke wa Comanche anayesukumwa kwa teke akabingirika mlimani, ili watazamaji wacheke. Baadaye anakutwa ameuawa na askari.

Wasomi hujibu kwamba Ford alikusudia kuufunua ubaya wa chuki, ndiyo sababu mwishoni Ethan huachwa nje na mlango ukafungwa. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu ya ukweli. Moyo wa mwenye kuchukia umechunguzwa hata pembe zake. Moyo wa mwenye kuchukiwa haukubishiwa hata hodi. Je, hiyo ndiyo haki?

Jambo hili si la Marekani peke yake. Mwaka 1908 Makaburu waliongozwa na Jansen van Rensburg wakashuka Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, wakafunga maksai katika magari yao wakaupanda uwanda wa Uasin Gishu. Mji wetu ulichipuka katika shamba nambari 64. Miaka mitatu tu kabla ya safari ile, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani, na watu wake wakasukumwa katika eneo walilotengewa. Mtu angeweza kutengeneza picha nzuri ya magari yale, matope yale na ushujaa ule, na Wanandi wakawa vumbi tu juu ya kilima. Kila kipande kingekuwa kweli, na jumla yake ingekuwa uongo.

Tena Ford mwenyewe alifika Afrika ya Mashariki. Picha yake Mogambo ilitoka mwaka 1953, Kenya ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Ndani yake wazungu hupendana na kugombana. Waafrika hupiga makasia, huimba na kubeba mizigo.

Basi, vijana, sisemi picha hizi zichomwe. Zitazameni, na penye uzuri zisifuni. Lakini msikubali sifa za watu ziwafumbe macho. Ulizeni: nani anasema, nani amenyamazishwa, na kwa faida ya nani? Mwamba ngoma huvutia kwake. Asiyetaka ngozi ivutwe upande mmoja siku zote, na ajifunze naye kuwamba.