Sindano ya Usingizi Isiwe Adhabu



Mwenzetu akikatwa vidole na mashine, au akivunjika mguu shambani, tunasema ana bahati akifika hospitali. Akishalazwa juu ya meza ya upasuaji hadai kitu tena. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelipata pale mezani tukalinyamazia.

Dawa nyeupe kama maziwa inaingia mshipani, mkono unawaka moto mpaka begani, halafu unalala. Ukiamka unaambiwa, "Ni kawaida, ni sekunde chache tu." Dawa hiyo huitwa propofoli. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1986, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni dawa nzuri, hulaza upesi, na mgonjwa huamka akili zake zikiwa timamu. Ubaya wake ni kuchoma. Uchunguzi uliokusanya majaribio 177, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba isipochukuliwa hatua yoyote, wagonjwa kama 6 katika kila 10 husikia maumivu.

Uchunguzi huo huo ulionyesha na kinga. Njia ya kwanza ni kutumia mshipa mkubwa wa mbele ya kiwiko badala ya mishipa midogo ya nyuma ya kiganja. Ya pili, ikibidi kutumia mshipa wa kiganja, mkono hufungwa kwa mpira, hutiwa kwanza ganzi ya lignokeini, husubiriwa kidogo, ndipo mpira hufunguliwa na dawa ya usingizi kufuata. Lignokeini ni ganzi ile ile tunayochomwa tunapong'olewa jino. Si dawa ya matajiri.

Wako wanaosema, "Mtu aliyepondwa mguu atalalamikia sindano?" Nawajibu: uchungu mkubwa hauhalalishi mdogo, hasa ule unaozuilika. Tena aliyeunguzwa mkono safari hii, akiitwa kupasuliwa mara ya pili huweza kubaki nyumbani na kidonda chake.

Sisemi tuwaamrishe waganga. Wao ndio wajuao dawa ipi na mshipa upi unamfaa mgonjwa, na katika dharura huenda nafasi isiwepo. Nasema tuulize. Kabla ya kulazwa, sema: "Daktari, dawa hii huchoma? Naweza kupata ganzi kwanza?" Mwambie pia kama ganzi iliwahi kukudhuru. Na wajumbe wetu wa kamati za afya na usalama waulize katika kila hospitali ambako mwajiri hutupeleka: je, kinga hii ni desturi hapa, au hutolewa kwa anayejua kuomba tu?

Tulipodai glovu na buti hatukuwa waoga. Dai hili nalo ni la namna ile ile.

Umoja ni nguvu.