Mzalishaji mbele, mashauri ya familia kiisha

Kila mara tunapoongea desturi katika mji wetu wa Lubumbashi, tunaongea mali ya ndoa, kilio, majina ya watoto na heshima ya wakubwa. Mara chache tunaongea mtoto wa kike wa miaka kumi na tano ao kumi na sita mwenye mimba. Yeye tunamficha. Na siku tukimtaja, tunamtaja ili kusema kwamba desturi inamkataa. Sisi walimu wa sekondari, ambao tunaona viti vya wasichana hao vikibaki wazi katikati ya mwaka, tunasema hapana. Yale tunayowatendea leo si desturi ya wazee. Ni kipande kimoja tu cha desturi, tena kile kikali, tulichokibakiza baada ya kutupa kile cha kusaidia.

Tuangalie namna mambo yanavyokwenda kule Kenya, Katuba, Ruashi ao Kampemba. Mama anagundua. Baba anaambiwa. Sauti zinapanda: «Ni nani njo alikupa ile mimba? Sema!» Mtoto akishataja jina, baba wadogo na shangazi wanakusanyika, wanabeba mfuko wake wa nguo, wanampeleka kwa wazazi wa kijana na kumwacha pale. Kiisha mashauri yanaanza: kosa litalipwa feza ngapi, mbuzi wangapi, mali itatoka lini. Upande wa pili nao jibu liko tayari: «Siye hatujue kama ile mimba ni ya kwetu.» Mwezi unapita, miezi miwili, mitatu. Katika muda huo wote hakuna aliyempima damu, hakuna aliyempima tansio, hakuna aliyeuliza kama mtoto wa tumboni anakaa vizuri.

Hivi njo mama mzalishaji anavyompokea: katika mwezi wa nane ao wa tisa, mara nyingine uchungu umekwisha kuanza. Msichana hana karatasi ya CPN, hajui tarehe, hajui kundi la damu yake. Tangu 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri kwamba mwenye mimba aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kwetu wiki hizo 12 tunazitumia kumtafuta mwenye kosa.

Watu watasema tunakuza mambo. Hapana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya (EDS) wa 2013-2014 ulikuta kwamba, katika Kongo yetu, wasichana 27 juu ya 100 wenye miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa ao walikuwa na mimba yao ya kwanza. Uchunguzi uleule ulikadiria kwamba akina mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba na uzazi kwa kila watoto 100.000 waliozaliwa wazima. OMS nayo inafundisha kwamba mama aliye chini ya miaka 20 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizo baada ya kuzaa kuliko mama wa miaka 20 mpaka 24. Kifafa hicho kina alama zake, na alama hizo zinaonekana kwa kupima tansio na mkojo. Si mashine kubwa inayokosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kumpeleka mtoto mapema.

Tuseme wazi jambo moja ambalo wengi wanalijua na wachache wanaliandika. Uchungu ukikawia, katika familia nyingi za kwetu wanawake wakubwa wanaanza kumuuliza mwenye kuzaa: «Ungama! Ulilala na nani mwingine?» Imani ni kwamba uzazi unafungwa na siri, na siri ikitoka mtoto naye atatoka. Kwa msichana mdogo, kinachofunga njia mara nyingi ni mifupa ya nyonga ambayo haijakomaa. Kichwa cha mtoto kinakaa pale saa nyingi, kinabana nyama kati yake na kibofu, nyama ile inakufa, na mama anabaki na fistula: mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku. Mtoto mara nyingi anakufa. Msichana anaweza kuungama majina kumi, mifupa yake haitapanuka hata kidogo. Anachohitaji ni mzalishaji mwenye kufuata saa na mwenye ruhusa ya kumpeleka kwa daktari wa kupasua bila kungoja.

Na hapo njo tatizo lingine la mzalishaji linapoanza. Nani ataweka sahihi? Familia ya msichana inasema alikwisha kupelekwa kwa wale. Wale wanasema hawajakubali mimba. Kumbe mtoto wa familia mbili hana hata moja. Mama mzalishaji anasimama na karatasi mkononi, glavu amenunua mwenyewe, teksi ataitafuta mwenyewe, na kesho, kama mambo yameharibika, ni yeye atakayeitwa muuaji. Kiisha kuna bili. Mwaka 2018 waandishi wa habari wa Associated Press walitembelea hospitali na kliniki zaidi ya 20 za mji huu wetu. Isipokuwa moja tu, zote zilikuwa zikiwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Msichana aliyeachwa na pande mbili, nani atakuja kumkomboa?

Nkambo zetu waliozaa wakati wa Union Minière, na baadaye wakati wa Gécamines, hawakujua aibu hiyo. Kampuni ilikuwa na materinite yake, na bibi wa mfanyakazi alizaa bila kuulizwa feza mlangoni. Hatusifu ukoloni: kampuni ilitaka watoto wa wafanyakazi wake wawe wafanyakazi wake wa kesho. Lakini nyumba nyingi zilizoea kwamba uzazi ni jambo la kampuni, si la familia. Gécamines ilipoanguka, na watu zaidi ya 10.000 wakaacha kazi katika «départs volontaires» za 2003-2004, nyumba hizo zilibaki bila kampuni na bila zoezi la kujipanga. Mwaka 2023 Serikali ilianzisha mpango wa kuzalisha bule, kuanzia Kinshasa. Ni jambo jema. Lakini hata kule ambako kuzaa ni bule, msichana anayefichwa nyumbani hatafika mapema.

Sasa turudie neno desturi. Kwa Wabemba, Walamba na Walala, pande za Sakania mpaka ng'ambo ya Zambia, kulikuwa na chisungu. Mwingereza Audrey Richards aliiona kwa Wabemba mwaka 1931 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1956. Desturi ile ilikuwa na ukali: msichana aliyeshika mimba kabla ya kuchezewa chisungu alihesabiwa kuwa mkosi kwa kijiji, na aliweza kufukuzwa porini pamoja na mwanaume aliyempa mimba. Hatufichi. Lakini desturi hiyohiyo ilikuwa na nachimbusa, mama mwenye heshima aliyewafundisha wasichana mambo ya mwili na ya nyumba, na ambaye alikuwa pia mzalishaji wao. Aliyefundisha njo aliyezalisha. Hakumwachia msichana maneno tu, alimfuata mpaka siku ya kuzaa.

Sisi tumefanya nini? Nachimbusa tumemwita mpagani, mafundisho yake tumeyanyamazisha, wala hatukuweka mengine mahali pake: nyumbani ni haya, kanisani ni haya, na shuleni sisi walimu tunapita mbio juu ya somo la uzazi. Lakini kufukuza porini tumekubakiza! Pori la leo ni nyumba ya wazazi wa kijana, ni mlango wa shule uliofungwa. Anayejisifu kwamba analinda desturi kwa kumtupa mtoto wake, atuonyeshe kwanza nachimbusa wake yuko wapi.

Wengine watatujibu: «Mukimupokea ule mutoto, munafundisha benzake kufanya sawa vile.» Tunauliza: miaka yote hii ya kuwafukuza imepunguza nini? Msichana akiona mwenzake amefukuzwa, hajifunzi kujilinda; anajifunza kuficha. Na kuficha njo kunakomleta kwa mzalishaji akiwa amechelewa, ao amekwisha kumeza dawa ambazo hakuna anayezijua.

Tena kuna sheria. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006, mtu mzima anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 anahesabiwa kuwa amebaka. Mbuzi na feza haviwezi kufuta kosa hilo. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwoza mtoto. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ya haki za wanawake inampa msichana mwenye mimba haki ya kuendelea na masomo. Basi mkuu wa shule anayemfukuza hasimamii adabu, anavunja sheria. Na mashauri yanayomwozesha msichana wa miaka 15 kwa mtu wa miaka 40 «ili jina lisafishwe» si mashauri, ni kuficha kosa kubwa.

Tunaomba nini? Kwanza, siku mimba inapojulikana, mguu wa kwanza uwe kwa mzalishaji, hata kabla ya kutaja jina la kijana. Mashauri yanaweza kungoja. Damu na tansio haviwezi. Pili, familia mbili, hata zikigombana, ziandike nani ataweka sahihi na nani atalipa siku ya kuzaa. Tatu, shangazi na wamama wa chama chetu washike tena kazi ya nachimbusa: wafundishe wasichana, na wavulana pia, kiisha wawasindikize mpaka materinite, na pale waache kuungamisha. Nne, sisi walimu tumtunzie mwanafunzi nafasi yake mpaka mtihani wa Serikali.

Na kwenu, wamama wazalishaji, tunajua wengi wenu mnafanya kazi kwa prime ndogo inayokuja ikitaka. Tutasema pamoja nanyi mlipwe. Lakini yale maneno, «Wakati ulikuwa unafanya haukulia, sasa unalia juu ya nini?», yaacheni. Mtoto aliyetukanwa leo hatarudi kesho hata akitokwa damu, na mdogo wake naye atasikia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu wa miaka kumi na tano ni mwana, na sasa anakuwa mzazi pia. Desturi yoyote isiyoweza kumchunga kwa majina hayo mawili haifai kuitwa ya wazee wetu.