Kifaa cha pedali hakiongezi nguvu
Wenye Hilux na Ranger za siku hizi huuziwa kifaa cha pedali kwa ahadi ya nguvu zaidi. Nguvu haiongezeki hata chembe. Pikapu hizi hazina tena waya wa mafuta unaovutwa na mguu. Pedali hutuma volti kwa kompyuta ya injini, na kifaa hukaa katikati kikiikuza ishara: unakanyaga robo, kompyuta inasoma nusu. Gari huitika upesi, kweli, lakini ukikanyaga hadi mwisho injini ni ileile, na turbo iliyokuwa ikichelewa kujaza hewa itachelewa vilevile. Mimi ningekinunua kwa kazi ya kinyume: kuipunguza ishara kwenye mawe na tope, ili mguu unaotikiswa na mashimo usilirushe gari.